Jinsi ya kusoma nyaraka za John F. Kennedy bila kufika Boston

Ukiandika "faili za Kennedy" kwenye intaneti, karibu kila kitakachokuja kinahusu risasi za Dallas. Mkusanyo ule ulitokana na sheria ya Bunge la Marekani ya 1992. Una zaidi ya kurasa milioni 5, unatunzwa na Hifadhi ya Taifa ya Marekani huko College Park, Maryland, na kundi lililotikisa vyombo vya habari hivi karibuni lilitolewa Machi 2025. Hizo ni nyaraka za uchunguzi wa kifo chake. Hazitakueleza alizungumza nini na Nyerere, wala kwa nini taasisi ya familia yake ilitoa fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki mwaka 1960.

Kwa hayo unahitaji nyaraka zake mwenyewe. Ziko Boston, katika Maktaba ya Rais John F. Kennedy, jengo lililochorwa na I. M. Pei na kuzinduliwa 20 Oktoba 1979 kando ya bahari pale Columbia Point. Tangu Januari 2011 sehemu kubwa ya majalada yanayotafutwa zaidi imekuwa ikiskaniwa na kuwekwa kwenye jfklibrary.org, bila malipo. Ukiwa na bando la kutosha na Kiingereza cha kusomea, unaweza kuanza leo. Simu inatosha kwa kutafuta, lakini kwa kusoma maandishi ya taipureta yaliyofifia utaitamani kompyuta.

1. Anza na mwaka, kisha mada

Kennedy alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kuanzia 1947 hadi 1953, seneta kuanzia 1953 hadi mwishoni mwa 1960, na rais kuanzia 20 Januari 1961 hadi alipouawa 22 Novemba 1963. Ziandike tarehe hizo pembeni, maana ndizo zitakazokuonyesha mahali pa kutafuta na jina la kutafutia.

Kwanza majina. Andika Tanganyika, si Tanzania: Muungano ulikuja Aprili 1964, Kennedy akiwa kaburini. Rwanda na Burundi hadi 1 Julai 1962 zimo chini ya jina moja, Ruanda-Urundi. Kongo ziko mbili, na ile iliyowanyima Wamarekani usingizi hutajwa pamoja na mji wake mkuu wa wakati huo, Léopoldville. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, wiki tatu baada ya Dallas, kwa hiyo katika miaka yote ya urais wake ilikuwa bado koloni na mambo yake mengi yalizungumzwa na London. Usishangae kukuta habari za Kenya ndani ya jalada la Uingereza.

Kisha mipaka. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea 12 Januari 1964. Ukiyatafuta katika nyaraka za Kennedy utatafuta hadi uchoke. Hayo ni ya Lyndon Johnson, rais aliyemfuata, na maktaba yake iko Austin, Texas. Kwa upande wa pili, Lumumba aliuawa 17 Januari 1961, siku tatu kabla ya Kennedy kuapishwa. Maamuzi yaliyotangulia kifo hicho ni ya serikali ya Eisenhower, rais aliyemtangulia, na maktaba ya Eisenhower iko Abilene, Kansas. Katika nyaraka za Kennedy utakuta habari za kifo zilivyopokewa, na miaka karibu miwili ya kuhangaika na Katanga, jimbo la Kongo lililojitenga.

2. Uliza karatasi ilipita kwenye meza ya nani

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo ningekushauri utulie zaidi ya hatua nyingine zote. Nyaraka za kiongozi wa Marekani hazikupangwa kwa mada kama vitabu vya maktaba ya mtaa. Zimeachwa katika mpangilio waliouacha waliokuwa wakizitumia: ofisi hii ilikuwa na makabati yake, ile ilikuwa na yake, na mhifadhi nyaraka hathubutu kuyachanganya. Kwa hiyo jambo moja linaweza kuwa na majalada manne katika sehemu nne, kila moja likiwa na karatasi ambazo mengine hayana.

Kundi la kwanza la kulijua linaitwa President's Office Files. Haya ndiyo majalada yaliyotunzwa na katibu wake binafsi, Evelyn Lincoln, hatua chache kutoka mezani kwa rais. Ndani yake kuna sehemu ya hotuba, ya mikutano na waandishi wa habari, ya wizara na idara, na sehemu ya nchi iliyopangwa kwa alfabeti. Kilichomo humo kina uwezekano mkubwa kuwa kilipita machoni pake. Mengi yameskaniwa, kwa hiyo anzia hapa.

La pili ni National Security Files, makabati ya McGeorge Bundy na wasaidizi wake wa usalama wa taifa. Humu zimo simu za maandishi (telegramu) kutoka balozini, taarifa za kijasusi, na maandalizi ya wageni wa kitaifa. Ni mengi na mazito, na ndimo utakamokuta kurasa zilizoondolewa. Kwa Kongo, usiende kwingine kabla ya hapa.

La tatu, White House Central Files, ni bahari. Barua za wananchi, maombi, salamu, mialiko, kila kilichoingia Ikulu kilipewa alama ya mada na kuhifadhiwa. Nyaraka zinazohusu nchi zina alama CO. Sehemu kubwa haijaskaniwa.

La nne hukusanya yote ya kabla ya urais, Pre-Presidential Papers: ofisi ya ubunge, ofisi ya useneta, kampeni ya 1960. Hili husahaulika kwa sababu watu wakisikia Kennedy wanafikiria Ikulu. Chukua mfano wa ndege za wanafunzi. Tom Mboya alikwenda kumwona Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port mwishoni mwa Julai 1960, na taasisi ya familia, Joseph P. Kennedy Jr. Foundation, ikatoa dola 100,000 za safari. Wakati ule Kennedy alikuwa seneta, mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti ya mambo ya Afrika, na mgombea urais. Mwezi uliofuata suala hilo likazua zogo ndani ya Seneti, seneta Hugh Scott, wa upande wa Nixon aliyekuwa mpinzani wa Kennedy, akiituhumu familia kuwa imeingiza fedha zake katika siasa. Basi karatasi za jambo hilo zitafute kwenye useneta na kampeni, wala si kwenye urais. Pia aliyekuwa akiendesha taasisi hiyo ni shemeji yake, Sargent Shriver, ambaye baadaye aliongoza Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, na ana mkusanyo wake mwenyewe katika maktaba hiyohiyo.

Hilo ndilo kundi la tano, kama unahesabu: nyaraka za watu waliomzunguka. Theodore Sorensen aliyemwandikia hotuba, Arthur Schlesinger mwanahistoria wa Ikulu, Shriver, na wengine wengi. Barua aliyoipokea rais inaweza kukosekana kwenye kabati lake lakini nakala ya karatasi ya kaboni ikawa kwa msaidizi aliyeiandika. (Usistaajabu pia kukuta jina la Ernest Hemingway katika orodha ya mikusanyo. Mjane wake alizikabidhi nyaraka za mumewe kwa maktaba hii, baada ya Kennedy kumsaidia kwenda kuzichukua Cuba mwaka 1961. Ukianza kuzifungua, mada yako imelala.)

3. Soma jalada zima, hata kurasa zisizokuhusu

Kisanduku cha kutafutia cha tovuti husoma maelezo ya majalada, na mara nyingi hakisomi maneno yaliyomo ndani ya kurasa. Ukiandika jina la mtu na usipate kitu, haina maana kwamba hayumo. Tafuta nchi, au tukio, au mtu aliyeandikiana naye, kisha ufungue jalada na kulipitia ukurasa kwa ukurasa.

Kila jalada lina namba ya utambulisho inayoanza na herufi za mkusanyo. JFKPOF ni President's Office Files, JFKNSF ni National Security Files, kisha hufuata namba ya boksi na namba ya jalada. Inakili namba hiyo kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Anwani za tovuti hubadilika. Namba ya boksi na jalada ndiyo hutumika hata ukiandikia wahifadhi barua.

Mwanzoni mwa jalada mara nyingi kuna fomu yenye jedwali. Wengi huiruka. Hiyo ni orodha ya karatasi zilizoondolewa: aina ya waraka, nani kwa nani, tarehe, idadi ya kurasa, na herufi ya sababu. A ni siri ya usalama wa taifa, B ni katazo la sheria au la idara husika, C ni sharti la waliotoa nyaraka hizo. Sharti la C lipo kwa sababu nyaraka za Kennedy ziliingia serikalini kwa hati ya zawadi. Sheria inayofanya nyaraka za rais kuwa mali ya umma ilipitishwa 1978 na ikaanza na Reagan. Fomu ile inakueleza hasa nini hakipo na kiliandikwa siku gani, na utaihitaji katika hatua ya mwisho.

4. Tarehe na alama

Haraka hapa. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kwa hiyo 5/6/63 ni Mei 6, si Juni 5. Nimeona makala yenye heshima ikijenga hoja nzima juu ya kosa hilo. Simu za maandishi zina saa ya kutumwa na saa ya kupokewa, na kati ya Dar es Salaam na Washington kuna saa 8 au 7 kutegemea msimu wao; tukio la asubuhi huku linaweza kusomwa kule usiku uliotangulia. Neno Deptel ni simu iliyotoka wizarani kwenda ubalozini, Embtel ni iliyotoka ubalozini. Muhuri wa siri uliokatwa kwa mstari maana yake usiri umeondolewa, na karibu yake huwa kuna alama ya nani aliuondoa na lini.

Kuna pia kitabu cha miadi ya rais. Ni kikavu, majina na saa tu, lakini kinafundisha kuliko insha nyingi. Kinakuonyesha kwamba waziri mkuu mpya wa Uganda, Milton Obote, alikutana na Kennedy 22 Oktoba 1962, mchana wa siku ileile ambayo jioni yake rais aliwatangazia Wamarekani kuwa Wasovieti wameweka makombora Cuba. Ukisoma maelezo ya mazungumzo yale bila kujua hilo, umesoma nusu.

5. Nani ameandika maneno haya?

Sahihi ya Kennedy si ushahidi kwamba Kennedy ameandika. Barua nyingi kwa wakuu wa nchi zilianzia Wizara ya Mambo ya Nje, zikapita kwa Bundy, zikafika kwake za kutiwa sahihi tu. Tafuta nyuma ya barua: kuna rasimu? Kuna karatasi ya wizara inayosema "tunapendekeza jibu hili"? Kama ipo, maneno ni ya wizara na rais ameyakubali, jambo ambalo bado lina uzito, ila ni jambo jingine.

Hotuba zina tabaka zaidi. Utakuta rasimu ya Sorensen, rasimu iliyochorwachorwa, nakala ya kusomea yenye herufi kubwa, na maandishi ya kile kilichosemwa kweli. Linganisha ya mwisho na ya kabla yake. Kwa Berlin, 26 Juni 1963, maktaba ina kadi yenye mwandiko wake ambamo amejiandikia sentensi ya Kijerumani kwa matamshi ya Mmarekani, "Ish bin ein Bearleener" (Ich bin ein Berliner, yaani mimi ni mtu wa Berlin), asije akakosea jukwaani. Na hotuba ya Trade Mart ya Dallas ipo nzima, imechapwa, tayari kusomwa mchana wa 22 Novemba 1963. Hakuisoma. Ukiinukuu kwa kuandika "Kennedy alisema", umemsemesha marehemu.

Vitabu navyo viingie kwenye mtihani huo. Why England Slept cha 1940 kilitokana na tasnifu yake ya Harvard, na tasnifu ipo, unaweza kuona kilichobadilika. Profiles in Courage, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1957, ndicho chenye utata: mwaka huohuo mwandishi wa habari Drew Pearson alidai kwenye televisheni kwamba kimeandikwa na mtu mwingine, kituo kikalazimika kuomba radhi, na mwaka 2008 Sorensen akakiri katika kumbukumbu zake kwamba ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya sura nyingi. Maoni yangu ni kwamba kitabu kile kisomwe kama kazi ya ofisi iliyoongozwa na Kennedy.

Mwandiko wake halisi ni mbaya, tena mbaya kweli. Kwenye karatasi za mikutano aliandika neno moja mara nyingi na kulizungushia viboksi. Usilazimishe maana. Kama unataka maandishi ambayo hayana mwandishi msaidizi hata mmoja, yapo: Agosti 1943, boti yake PT-109 ilipogongwa na manowari ya Wajapani kwenye visiwa vya Solomon, alichonga ujumbe wa kuomba msaada juu ya kifuu cha nazi na wenyeji wawili, Biuku Gasa na Eroni Kumana, wakaupeleka. "11 ALIVE", kimesema kifuu, "NEED SMALL BOAT". Baadaye alikigeuza kizuia karatasi mezani kwake Ikulu, na sasa kiko kwenye jumba la makumbusho la maktaba hiyo.

6. Sikiliza, usisome tu

Kuanzia Julai 1962 Kennedy alirekodi kwa siri mikutano na simu zake. Zipo zaidi ya saa 200 za kanda, na nyingi unaweza kuzisikiliza mtandaoni. Sauti ni mbovu, watu wanakatizana, vikombe vinagongana. Chuo Kikuu cha Virginia, kupitia Miller Center, kimeandika maneno ya kanda nyingi; sikiliza huku ukisoma maandishi hayo, na pale yanapotofautiana na sikio lako, rudia.

Tofautisha kanda hizo na mahojiano ya kumbukumbu yaliyofanywa na maktaba baada ya kifo chake, ambayo ni zaidi ya 1,000. Humo yumo G. Mennen Williams, aliyesimamia mambo ya Afrika wizarani. Yana utamu, lakini anayezungumza anamkumbuka rais aliyeuawa na hutamkuta akimsema vibaya sana.

7. Pima na vyanzo vilivyochapishwa

Kabla ya kutangaza kuwa umegundua jambo, angalia kama limeshachapishwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mfululizo uitwao Foreign Relations of the United States, na juzuu ya XXI ya 1961–1963 ni ya Afrika. Iko bure kwenye history.state.gov, ikiwa na tanbihi zinazotaja jalada kila waraka ulikotoka. Mimi huanza na tanbihi hizo kisha narudi Boston nikijua namba ya boksi. Hotuba na kauli za hadhara, pamoja na salamu alizompa Nyerere alipofika Washington Julai 1963, zimo kwenye juzuu tatu za Public Papers, na unaweza kuzitafuta kwa tarehe kwenye tovuti ya American Presidency Project ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara.

Kupima tarehe peke yake kunaokoa mengi. Mwaka 2007, akiwa Selma, Barack Obama alisema familia ya Kennedy ndiyo iliyomwezesha baba yake kufika Marekani. Habari ilisambaa na bado inasambaa hadi leo kwenye vikundi vya WhatsApp vya Kenya. Lakini Obama mkubwa aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, na fedha za Kennedy zilitolewa katikati ya 1960. Timu ya Obama ilirekebisha kauli hiyo. Aliyesafiri kwa mpango wa 1960 ni Wangari Maathai, aliyepelekwa kusoma Kansas.

8. Kunukuu na kuchapisha

Taja mkusanyo, sehemu, namba ya boksi, jina la jalada, na jina la maktaba, kwa mpangilio huo. Kuhusu hakimiliki: kilichoandikwa na mtumishi wa serikali ya Marekani akiwa kazini hakina hakimiliki. Barua iliyotoka kwa mtu wa nje, hata kama ililala Ikulu miaka 60, haki yake hubaki kwa mwandishi au warithi. Kunukuu mistari michache hakuna shida. Kuchapisha barua nzima ya mwanasiasa wa huku, waulize warithi kwanza.

9. Unachokihitaji kisipokuwa mtandaoni

Waandikie wahifadhi barua pepe fupi. Usieleze utafiti wako wote. Taja swali moja, miaka, majina, na majalada uliyokwisha kuyapitia pamoja na namba zake. Hiyo huwaonyesha kuwa hujawafanya wakutafutie kazi ya nyumbani. Watakuambia kama kuna jalada, lina ukubwa gani, na gharama za nakala.

Kama waraka uko kwenye ile fomu ya walioondolewa kwa herufi A, unaweza kuomba ukaguzi wa kuondoa usiri. Nyaraka hizi za zawadi haziguswi na sheria ya uhuru wa habari ya Marekani, kwa hiyo usipoteze muda na njia hiyo. Nakili maelezo ya waraka kutoka kwenye fomu neno kwa neno: tarehe, mwandishi, kurasa, boksi, jalada. Ombi hupelekwa kwa idara iliyouandika, na linaweza kukaa miaka.

Wakati unasubiri, kumbuka kila simu ya maandishi ina ncha mbili. Nakala ya wizara na ya ubalozi inaweza kuwa College Park bila kufungwa, kwa sababu mkaguzi wa kule alikuwa mtu mwingine na siku nyingine. Waingereza waliokuwa bado wanatawala Kenya walipewa taarifa za mengi, na karatasi zao ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, yakiwemo majalada ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali yao, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipolazimisha yatolewe kuanzia 2012. Na barua iliyotumwa Dar es Salaam ilipokewa Dar es Salaam: uliza Kumbukumbu za Taifa.